Mito na Maporomoko ya Meghalaya: Kwa Nini Penye Mvua Nyingi Kuliko Kote Maji Hukosekana Januari

Sohra ni mji mdogo kwenye vilima vya Khasi, jimbo la Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India. Wastani wa mvua yake kwa mwaka ni milimita 11,777. Dar es Salaam hupata kama 1,100. Mawsynram, kijiji kilicho kilomita zipatazo 15 kutoka hapo ukipima kwa mstari ulionyooka, huizidi Sohra kidogo tu: 11,872. Kati ya Agosti 1860 na Julai 1861 Sohra, ambayo Waingereza waliiandika Cherrapunji kwenye ramani zao, ilipata zaidi ya milimita 26,400, na hadi leo hakuna mahali duniani palipopimwa mvua nyingi kuliko hiyo ndani ya miezi 12. Hata hivyo, kila Januari akina mama wa Sohra hupanga foleni ya ndoo kwenye chemchemi zilizonywea, na malori ya kuuza maji hupanda mlima kuja kwao.

Msomaji anayekutana na habari hizi mbili kwa mara ya kwanza hudhani moja imetiwa chumvi. Hakuna iliyotiwa chumvi. Ukitaka kuielewa mito ya Meghalaya, maporomoko yake, mapango yake na kiu yake, fuata jambo moja: maji ya huko huja kwa mkupuo, hukutana na mwamba usioyashika, na huondoka upesi kuliko watu wanavyoweza kuyakinga.

Mvua inatoka wapi

Upepo unaoileta mvua hii watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua vizuri. Ni kusi. Ule upepo unaovuma kuanzia Aprili au Mei kuelekea kaskazini, ambao majahazi yalikuwa yakiufuata kurudi Arabuni na Gujarat, huvuka ikweta, hupinda kulia karibu na Somalia kwa sababu ya mzunguko wa dunia, kisha hukata bahari hadi India. Sehemu yake hupita kusini mwa India, huingia Ghuba ya Bengal, huchota unyevu zaidi, halafu hugeuka kaskazini kuelekea Bangladesh.

Bangladesh ni tambarare. Kwa mamia ya kilomita kutoka baharini hakuna mlima wa maana wa kuuzuia upepo huo, na wakati wa mvua sehemu kubwa ya bonde la Sylhet, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, imefunikwa na maji, kwa hiyo upepo haupungukiwi unyevu njiani. Kisha ghafla unakutana na ukuta. Ndani ya kilomita chache ardhi inapanda kutoka makumi machache ya mita juu ya usawa wa bahari hadi mita 1,300 pale Sohra. Hewa haina pa kwenda ila juu; ikipanda inapoa, na unyevu wake unageuka mvua. Makorongo yaliyofunguka upande wa kusini huikusanya hewa hiyo na kuibana, ndiyo maana sehemu mbili zilizokaa vichwani mwa makorongo, Sohra na Mawsynram, hupata kuliko majirani wao.

Nenda kaskazini kilomita kama 50 tu, hadi Shillong, makao makuu ya jimbo. Mji huo uko juu zaidi, karibu mita 1,500, lakini mvua yake ni kama milimita 2,200. Upepo umekwisha kumwaga mzigo wake. Ni jambo lilelile linaloipa Amani, kwenye Usambara Mashariki, mvua ya kukaribia milimita 2,000 huku nyika ya Mkomazi nyuma ya milima ikikauka.

Wastani wa mwaka, hata hivyo, unaficha jambo kubwa. Julai peke yake huleta Sohra milimita 3,200 na zaidi. Juni na Julai kwa pamoja hubeba karibu nusu ya mvua yote ya mwaka. Desemba huleta kama 29, Januari kama 11. Na hata ndani ya msimu wenyewe mvua haisambai sawasawa: nyingi hunyesha usiku wa manane hadi alfajiri, kwa vishindo. Tarehe 15 na 16 Juni 1995 Sohra ilipokea milimita 2,493 kwa saa 48, rekodi ya dunia. Tarehe 17 Juni 2022 Mawsynram ilipata milimita 1,003.6 kwa siku moja. Dar es Salaam ingesubiri karibu mwaka mzima kupata kiasi hicho.

Mwamba na mito yake

Meghalaya ni uwanda wa juu ulioinuliwa na nguvu za ardhini, na bado uko kwenye eneo la matetemeko makubwa. Lile la tarehe 12 Juni 1897 liliibomoa Shillong yote. Kiini cha uwanda huu ni mwamba mkongwe na mgumu. Lakini ukingo wa kusini umevikwa tabaka za miamba michanga zaidi zilizolala karibu mlalo: mwamba wa mchanga, mawe ya chokaa, na katikati yake tabaka nyembamba za makaa ya mawe. Ukingo huo umekatika wima, kama meza. Mto unaotiririka juu ya meza hiyo hauna mteremko wa taratibu wa kushukia. Unafika ukingoni, unaanguka.

Ndiyo asili ya maporomoko ya kusini. Juu kuna tabaka gumu la mwamba wa mchanga, chini yake tabaka laini. Maji yanayoanguka na manyunyu yake hula lile laini kwanza, tabaka gumu linabaki likining'inia, mwishowe kipande kinakatika na kudondoka. Poromoko linarudi nyuma hatua moja. Kazi hiyo ikirudiwa kwa muda mrefu mno, korongo linazidi kuingia ndani ya uwanda.

Nohkalikai, karibu na Sohra, ndilo linalojulikana kuliko yote: mita 340, na maji yanaachana na mwamba tangu juu. Langshiang, katika wilaya ya West Khasi Hills, lina mita 337. Nohsngithiang la Mawsmai lina mita 315 na huteremka kwa mikondo saba kando kwa kando. Kynrem lina mita 305 na hushuka kwa ngazi tatu. Tofauti kati ya kuanguka wima na kushuka kwa ngazi ndiyo inayozua ubishi wa nani mrefu kuliko nani. Anayehesabu anguko moja tu na anayejumlisha ngazi zote hawawezi kupata jibu moja, na wote wawili wanaweza kuwa wamepima sawa.

Mgongo wa uwanda unapita katikati, na Kilele cha Shillong chenye mita 1,965 ndicho cha juu kabisa. Maji yanayoanguka kaskazini ya mgongo huo huenda mto Brahmaputra kupitia mito hii: Umiam, Umtrew, Kopili, na kwa upande wa vilima vya Garo, Krishnai na Dudhnoi. Yanayoanguka kusini huingia bonde la mito ya Surma na Meghna huko Bangladesh. Hapa ndipo wasomaji wa ramani hupotea, kwa sababu mto huohuo ukivuka mpaka hubadili jina. Simsang wa vilima vya Garo huitwa Someshwari upande wa pili. Kynshi huwa Jadukata. Myntdu, unaouzunguka mji wa Jowai pande tatu, huwa Sari-Goyain. Lukha huandikwa Lubha. Ukitafuta habari za mafuriko au uchafuzi wa mto mmojawapo, tafuta kwa majina yote mawili, la sivyo utapata nusu ya habari.

Mito ya kaskazini ni mirefu zaidi, ina mteremko mpole, na ndiyo iliyozibwa kwa mabwawa. Bwawa la Umiam, kama kilomita 16 kutoka Shillong, lilianza kuzalisha umeme mwaka 1965, na maji yake yakitoka kwenye mtambo wa kwanza huteremshwa kwenye mingine mitatu iliyofuatana chini yake. Mito ya kusini ni mifupi na yenye hasira. Kutoka chanzo hadi tambarare ni safari ya makumi machache ya kilomita, na maji huimaliza kwa saa chache.

Poromoko la Julai si poromoko la Januari

Kijito kinacholisha Nohkalikai hukusanya maji kutoka eneo dogo tu la uwanda. Eneo dogo halina akiba. Mvua ikinyesha, poromoko linafura ndani ya muda mfupi. Mvua ikikata, linapungua upesi vilevile. Julai ni nguzo nene ya maji inayounguruma. Januari ni uzi mweupe, na kidimbwi cha chini kimetulia na rangi ya buluu ya kijani. Nohsngithiang ndilo linalowavunja moyo wageni: nje ya msimu wa mvua ile mikondo saba hukauka kabisa au hubaki madoa ya unyevu kwenye genge.

Anayepanga kwenda kuyaona asiende Julai kwa kuwa tu ndio mwezi wa maji mengi. Julai ukungu unaweza kulifunika korongo lote siku nzima, ukasikia ngurumo bila kuona kitu. Mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba ndio wakati mzuri: maji bado mengi, mawingu yanaanza kupasuka. Fika asubuhi, na ukikuta ukungu subiri. Hufunguka na kufunga tena. Mto Umngot pale Dawki, mpakani na Bangladesh, una kalenda iliyo kinyume. Ile picha ya mtumbwi unaoonekana kuelea hewani ni ya Novemba hadi Februari, wakati mto unalishwa na chemchemi tu na unapita juu ya mawe magumu na kokoto. Juni mto huohuo una rangi ya tope.

Hatari kubwa ya vijito hivi ni mafuriko ya ghafla. Mvua inaweza kunyesha juu ya uwanda huku wewe, chini korongoni, una jua. Dalili ni hizi: maji safi yanaanza kupata weusi au wekundu, majani na vijiti vinaanza kuelea, na kishindo cha mawe yanayogongana kinasikika kabla maji hayajafika. Ukiona hata moja, panda juu ya mteremko, usikimbie kufuata mto. Usivuke kurudi kuchukua viatu. Mawe yenye ukoga wa kijani yanateleza hata yakiwa yanaonekana makavu, na baada ya mvua kuna ruba njiani. Usimvute ruba aliyekwishang'ata, msukume pembeni kwa ukucha pale mdomo wake ulipo, ataachia.

Wakhasi wenyewe wamejizatiti kwa mvua hii kwa vifaa vyao. Mkulima huvaa knup, ngao ya mianzi na majani inayofunika kichwa na mgongo hadi kiunoni. Akiinama kupalilia, mvua inateleza juu yake na mikono yote miwili iko huru. Mwavuli usingemsaidia.

Kwenye kuvuka mito walitatua tatizo ambalo chuma hakijalitatua vizuri. Daraja la mianzi huoza baada ya misimu michache. Nyaya za chuma hupata kutu kwenye unyevu huo, na nguzo ya katikati hupigwa na mawe yanayobebwa na mafuriko. Kwa hiyo Wakhasi na Wapnar, majirani zao wa vilima vya Jaintia, katika mabonde ya kusini hupanda mpira, ule mti wa jamii ya mkuyu unaoitwa Ficus elastica, kwenye kingo za mto. Mizizi yake ya hewani ikiwa bado laini huelekezwa upande wa pili, mara nyingi ndani ya magogo ya mpopoo yaliyopasuliwa na kukombwa ili mzizi usipinde njiani. Ikifika, huachwa ijichimbie udongoni. Mingine hufungwa na kusukwa juu yake, na mapengo hujazwa mawe na udongo. Huchukua miaka 15 hadi 30 kabla daraja halijabeba watu kwa uhakika, lakini kuanzia hapo huzidi kuimarika kadiri mti unavyokua. Likiachwa bila kutunzwa huharibika: mizizi mipya isipoelekezwa huota ovyo, na mti ukifa daraja hufa nao. Lile la ghorofa mbili la kijiji cha Nongriat hufikiwa kwa ngazi zaidi ya 3,000 za kushuka kutoka Tyrna, na mtu akumbuke kwamba atazipanda zote kurudi.

Maji yanapotelea wapi

Maji yakimwagika hayazoleki, na Meghalaya ya kusini ndiyo hali yake. Udongo wa juu wa Sohra ulikwisha kuchukuliwa na mvua tangu zamani, misitu ilipokatwa. Kilichobaki sehemu nyingi ni mwamba, kokoto na nyasi. Palipo na udongo na mizizi, mvua hunywewa na kutolewa polepole kwa miezi kupitia chemchemi. Palipo na mwamba mtupu, huteleza juu yake na kwenda. Tofauti hiyo inaonekana wazi ukisimama kwenye mpaka wa msitu mtakatifu kama ule wa Mawphlang, ambao mila inakataza kutoa humo hata jani. Ndani, udongo ni mweusi na unazama chini ya mguu. Nje, hatua chache tu, ni majani mafupi juu ya mawe.

Sehemu nyingine ya maji hupotelea chini. Maji ya mvua yana tindikali kidogo, na jiwe la chokaa huyeyuka kwa tindikali hiyo. Ndiyo iliyochonga mapango mengi ya vilima vya Khasi na Jaintia: Krem Liat Prah lina zaidi ya kilomita 30, na Krem Puri, lililopimwa kwa kilomita 24.5 mwaka 2018, lenyewe limo kwenye mwamba wa mchanga, jambo la nadra sana. Mto unaweza kuzama kwenye tundu, ukasafiri gizani, ukatokea bonde jingine kabisa. Kwa mwanakijiji aliye juu ya mlima, maji hayo hayana faida.

Pango la Mawmluh, karibu na Sohra, lina heshima ya pekee. Nguzo ya chokaa iliyokua humo tone kwa tone ilihifadhi kumbukumbu ya mvua za kale, na kipande chake kinaonyesha kudhoofika kwa mvua miaka 4,200 hivi iliyopita, wakati ukame ulipotikisa staarabu kuanzia Misri hadi bonde la Indus. Mwaka 2018 wanajiolojia wa dunia walikubaliana kwamba kipindi tulichomo sasa kinaanzia hapo, wakakipa jina la Meghalaya. Alama ya ukame mkubwa wa dunia imetoka mahali penye mvua nyingi kuliko kote.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo suala la kiu linapoeleweka. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua paa la bati la mita za mraba 50. Kwa mwaka, paa hilo la Sohra hunyeshewa lita 588,000 na ushei. Julai peke yake ni lita zaidi ya 160,000. Lakini Desemba ni lita 1,450, Januari 550, Februari, yenye milimita kama 46, lita 2,300. Jumla ya miezi mitatu ni lita 4,300, na ukitoa asilimia 20 ya kupotea kwa kumwagika na kukauka zinabaki 3,440. Familia ya watu watano inayotumia lita 20 kila mtu kwa siku inahitaji lita 9,000 kwa siku 90. Pengo ni lita 5,560. Tangi la lita 6,000, likiwa limejaa mwisho wa Novemba, linalifunika pengo hilo. Kwa matumizi ya lita 40 kila mtu, tangi liwe la lita 15,000.

Kwa hiyo penye paa zuri tatizo ni tangi, na tangi ni fedha. Nyumba yenye paa dogo au la nyasi haimo kwenye hesabu hii. Na hata mwenye tangi anaweza kukosea. Mfereji wa paa uliotengenezwa kwa mvua ya kawaida hufurika Sohra, na maji hupita juu yake bila kuingia. Lakini hilo lisimtishe mtu, kwani anachohitaji ni sehemu ndogo tu ya mvua hiyo. Kosa kubwa ni kutegemea tangi lililojaa Agosti na kulitumia Oktoba kwa kufulia, ukidhani mvua itarudi. Ratiba inapaswa kuwa kinyume: tumia chemchemi hadi Novemba, fungua tangi Desemba. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe, kwa kuwa yameosha vumbi na mavi ya ndege kwenye bati. Na tangi lifunikwe, mwanga usiingie, la sivyo linaota ukungu wa kijani na kuzaa mbu.

Ustadi wa kugawa maji machache vilima hivi vinao. Kwenye miteremko ya kusini ya Jaintia na Khasi wakulima hupanda mtambuu ukipanda juu ya mipopoo, mazao ambayo pwani ya Waswahili inayajua kwenye uraibu wa tambuu. Kiangazi miche hiyo hunyweshwa kwa mianzi. Maji huchukuliwa kwenye chemchemi juu ya shamba, lita 18 hadi 20 kwa dakika, na kupitishwa kwenye mianzi iliyopasuliwa nusu, iliyobebwa na matawi yaliyochimbiwa. Kila mfereji unapogawanyika, tundu na pembe ya mwanzi huamua kiasi gani kipite na kiasi gani kichepuke. Mwanzi hupungua unene kila hatua, hata kipande cha mwisho kikiachia matone 20 hadi 80 kwa dakika kwenye shina la mmea. Pampu hakuna, kazi yote inafanywa na mteremko. Mwanzi uliooza hubadilishwa, uliohama pembe hurekebishwa, kwani kuinama kidogo tu kwa kipande kimoja humnyima maji jirani wa chini; kwa sababu hiyo wakulima huutunza mfumo kwa ushirika.

Mito iliyokufa

Palipo na makaa ya mawe, hasa Jaintia, kuna tatizo jingine, nalo ndilo linalouma zaidi. Tabaka za makaa huko ni nyembamba, nyingi hazifiki mita mbili, na huchimbwa kwa vijishimo ambavyo mtu huingia kwa kutambaa. Makaa hayo yana salfa nyingi, sehemu yake ikiwa kwenye madini ya pairiti. Pairiti ikikutana na hewa na maji hutoa tindikali ya salfa na chuma kilichoyeyuka. Maji yanayotoka kwenye mashimo na marundo ya makaa huingia vijitoni, chuma huganda juu ya mawe kwa rangi ya machungwa, na pH, kipimo cha uchachu ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi, inaweza kushuka hadi kati ya 3 na 4. Samaki hawaishi humo. Kila namba moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo maji ya pH 4 yana tindikali mara elfu kuliko ya pH 7.

Lukha hugeuka buluu kali kila majira ya baridi. Mgeni anaweza kuushangilia kama anavyoushangilia Umngot, na hapo ndipo kosa lilipo. Umngot unapitisha mwanga mpaka unaona kokoto chini. Lukha una rangi yake wenyewe, na umewahi kuua samaki kwa wingi. Uchunguzi wa bodi ya jimbo ya kudhibiti uchafuzi uliihusisha hali hiyo na maji ya tindikali kutoka migodini. Hutokea majira hayo makavu kwa sababu wakati huo hakuna mvua ya kuyazimua. Kwenye Kopili, maji ya aina hiyo yalikula vyuma vya mitambo ya umeme.

Mahakama ya mazingira ya India ilipiga marufuku uchimbaji huo Aprili 2014. Uchimbaji wa siri uliendelea. Tarehe 13 Desemba 2018 maji kutoka upande wa mto Lytein yalivunja na kuingia kwenye mgodi wa Ksan, yakawafungia chini wachimbaji wasiopungua 15. Na hata mashimo yote yakifungwa leo, pairiti iliyokwisha kuachwa wazi itaendelea kutoa tindikali kwa miaka mingi. Tiba moja ni kuyapitisha maji kwenye mfereji wa mawe ya chokaa ili tindikali ipoe. Inafanya kazi mwanzoni, kisha chuma kinayavika mawe gamba gumu na chokaa haigusani tena na maji. Mfereji lazima uwe na mteremko mkali ili mkondo uyasugue mawe, na matope ya chuma yazolewe mara kwa mara. Asiyetenga fedha za kuyazoa atakuwa na mfereji uliokufa.

Maji yote ya kusini, safi na machafu, huishia Bangladesh. Mvua ile ya katikati ya Juni 2022 iliifunika Sylhet kwa maji, na mamilioni ya watu waliathirika. Ndiyo sababu watabiri wa mafuriko wa Dhaka hufuatilia kipimo cha mvua cha Sohra: kinachonyesha huko usiku kinaweza kuwa mtoni kwao kabla siku haijaisha. Wanaoumia zaidi ni wakulima wa haor, yaani mabonde mapana yanayojaa maji wakati wa mvua, chini ya vilima, ambao hupanda mpunga wa kiangazi, boro, wakatarajia kuuvuna Aprili. Mvua ya mapema mlimani ikija kabla ya mavuno huvunja matuta na kuzamisha kila kitu, kama ilivyotokea Aprili 2017. Wanashauriwa kuvuna mara punje zikikomaa kwa asilimia 80, wasisubiri zilizobaki.